Wateja wetu wa intaneti ya simu hawavuki kbps 33.6 kwenye modemu za 56k, tufunge nini?

Fundi_Mwanga: Wakuu, hapa Kigoma tuna modemu 16 za analogi, kila moja na laini yake. Wateja wa Ujiji wamenunua za V.90 (kiwango cha 56k) lakini wanagota 33.6. Tubadilishe modemu zetu?

Waya_Mbili: Modemu peke yake haisaidii, mkuu, shida ni laini. V.90 inataka njia ya dijitali mpaka kwenye swichi ya mteja. Analogi ibaki kipande cha mwisho tu. Laini zenu zinaongeza ubadilishaji wa pili kati ya analogi na dijitali, na kelele yake ndiyo inayowabana. Ombeni kampuni ya simu E1, yaani laini moja ya dijitali inayobeba simu nyingi: Mbps 2.048, njia 32, 30 za simu, njia 0 ya usawazishaji, 16 ya ishara. Iingie kwenye seva ya kupokea simu yenye modemu 30 za dijitali ndani. Kwa RADIUS, programu ya kuhakiki nywila, kompyuta ya kawaida inatosha.

Seva_Baridi: Kabla ya kununua kadi, uliza kama swichi inatoa PRI au R2, yaani inatumia mfumo gani wa ishara za kupiga na kukata simu. Kadi ya PRI tupu kwenye R2 ni pambo la rafu. Kwenye usimbaji wa sauti weka A-law, mu-law ni ya Marekani. Na saa, yaani mapigo ya kusawazisha data, ichukuliwe kwenye E1, isitoke kwenye seva, la sivyo simu zitakatika ovyo na mtalaumu nyaya bure.

Fundi_Mwanga: Kupakia je?

Waya_Mbili: V.90 ni kbps 33.6 palepale, V.92 iliyoifuata inafika 48. Ila wateja 30 kwa kbps 45 ni Mbps 1.35. Dishi lenu la kuleta intaneti ni kbps ngapi?

Fundi_Mwanga: 256.

Waya_Mbili: Anzeni hapo basi.