Nilifundwa, yeye hakufundwa: nitamwambiaje mume wangu?

Mke wa Kibokoni anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika jambo ambalo nimelizuia kifuani kwa miaka mitatu, na naomba atakayenijibu anijibu kama anavyomjibu dada yake wa tumbo moja.

Tunaishi Mji wa Kale, Mombasa, nyumba moja na mama mkwe, yeye chini na sisi juu. Mume wangu anafanya kazi ya zamu bandarini. Ni mtu mwema. Hajawahi kuniinulia mkono, matumizi hayakosekani, na mtoto wetu wa miezi minane akilia usiku yeye ndiye hutangulia kuamka. Shida yangu ni ya chumbani.

Kabla ya harusi niliwekwa ndani, somo yangu, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, akanifunda. Nilisingwa liwa, nikafundishwa kufukiza nguo kwa udi, kutunga kikuba cha asumini na kujua pa kukiweka, leso, yaani kanga, ya kuvaa usiku ninaomtaka mume wangu na leso ya kuvaa usiku ambao mwili umechoka. Somo aliniambia kwamba mwanamke hasemi kwa kinywa; husema kwa harufu, kwa macho na kwa leso. Niliyashika yote, na hadi leo nayatenda.

Lakini mume wangu haoni. Anaweza kupita juu ya asumini zilizotandazwa kitandani kama anayepita juu ya majani makavu. Akirudi kutoka zamu ya usiku, huku ametafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, ili asisinzie kazini, hunijia moja kwa moja bila neno, akimaliza hugeukia ukutani na simu yake. Sijawahi kufika kileleni hata mara moja tangu niolewe. Tangu nijifungue, na tangu nianze sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, nasikia ukavu na maumivu ambayo hunifanya niume mto.

Usiku mmoja nilijikaza nikamwambia, "Taratibu, na usianzie hapo." Akasimama, akaniuliza, "Nani amekufunza hayo?" Swali lile lilinikata maini. Tangu siku hiyo nanyamaza, na aibu yangu kubwa ni kwamba nimeanza kuigiza, natoa sauti za raha ambayo siipati ili amalize upesi. Kumnyima unyumba naogopa, kwa sababu kila mtu hunikumbusha laana ya malaika kwa mke anayemkatalia mumewe. Nina haki ya kutarajia chochote zaidi ya kumridhisha yeye? Na kama ninayo, nitamwambiaje bila ya yeye kudhani kwamba nimejifunzia nje?

Somo wa Majengo anajibu:

Mwanangu, wa alaykum salaam. Nimefunda wari kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimeyasoma maneno yako mara mbili kwa sababu somo yako angeweza kuwa mimi.

Aliyokufundisha si ya uongo. Asumini, udi na leso ni lugha kamili, nayo ina adabu yake. Ila ni lugha ya watu wawili, na wewe umefundishwa kuinena mbele ya mtu ambaye hakufundishwa kuisikia. Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu fungate ilikuwa siku saba na somo alikuwa mle mle ndani. Mambo yakienda kombo usiku, alijua asubuhi kwa kumtazama bibi harusi usoni, akapeleka neno kwa mjomba wa bwana harusi, na mjomba akamkalisha kijana kitako. Leo fungate ni siku mbili hotelini Diani. Hakuna somo, hakuna mjomba, wako wawili tu na simu zao. Tukaendelea kumfunda mwanamke kama zamani, na upande wa pili tukauacha ukafundwe na vijana wa barazani, ambao nao hawakufundwa na mtu.

Kwa hiyo haki unayo, na usiiulize tena.

Jambo la kwanza, acha kuigiza. Najua kwa nini unafanya, lakini kila sauti unayoitoa humwambia mumeo kwamba njia aliyopita ndiyo yenyewe, na kesho ataipita tena kwa furaha. Hapo si kumficha aibu, ni kumpoteza. La pili, usizungumze naye kitandani wala mara baada ya tendo, kwa sababu saa hiyo mwanamume husikia hukumu hata katika neno la upole. Mngoje siku asiyokuwa na zamu, ameshakula, ameshaoga. Anza na kitu anachokifanya ambacho unakipenda kweli, hata kiwe kidogo, halafu mwambie unataka kingine juu yake. Mfafanulie leso. Mwambie wazi, "Nikivaa hii, maana yake ni hivi." Utaona haya siku ya kwanza.

Nyumba zetu za Mji wa Kale dari zake ni za boriti, na sauti ya juu hushuka chini bila kuitwa. Wari wengi walioolewa nyumba za wakwe wameniambia kwamba kilichowakausha si mume, ni kule kujua kwamba mama mkwe anasikia. Jichunguze kama hilo nalo limo.

Msomaji wa Bondeni anajibu:

Mambo ya chumbani ni sitara. Mwanamke anayeyatangaza mbele za watu hata bila kujitaja jina amevunja sitara ya mumewe. Subira ndiyo iliyodumisha ndoa za mama zetu, na wao hawakuuliza maswali haya.

Muuguzi wa Tudor anajibu:

Kwa ndugu yangu wa Bondeni: mimi nafanya kazi katika kliniki ya akina mama, na mama zetu huuliza. Huuliza wakiwa na miaka hamsini, mlango ukiwa umefungwa, wakilia. Dada yetu hakumtaja mumewe wala hakumvunjia heshima, na aliyeumwa haambiwi kwamba kidonda chake ni siri.

Dada, nianze na ukavu, kwa sababu huo una sababu za mwili ambazo hazihusiani na mapenzi yako kwa mumeo. Kama bado unanyonyesha, homoni inayotengeneza maziwa huwa juu na homoni ya estrojeni huwa chini, na estrojeni ikishuka kuta za uke huwa nyembamba na kavu. Hali hii hupungua unyonyeshaji ukipungua. Sindano ya miezi mitatu nayo, kwa baadhi ya wanawake, hupunguza hamu na kuongeza ukavu, ingawa kwa wengine haileti tofauti yoyote. Usiiache kienyeji ukapata mimba usiyoitarajia. Rudi kliniki ueleze, maana njia nyingine zipo. Wakati huohuo, kwenye maduka ya dawa kuna vilainishi vya maji, na hakuna aibu ya kuvinunua. Kama hamtumii mipira ya kondomu, wapo wanaotumia mafuta ya nazi safi, lakini yasichanganywe na mipira hiyo kwa sababu mafuta huilegeza ikapasuka. Maumivu yanayoendelea miezi minane baada ya kujifungua yanahitaji kuangaliwa, kwani huenda ni kovu la mshono au maambukizi, na hayo yote yana tiba.

Naomba Bi Somo aniwie radhi kwa hili nitakalolisema. Kuna wanawake wanaokuja kwetu wakiwa wamejitia shabu ili wabane, au wamejikausha kwa majani, kwa sababu waliambiwa kwamba mume hupenda hivyo. Shabu hukwaruza na kuchubua. Ngozi iliyochubuka huuma, na hupitisha maambukizi kwa urahisi, virusi vya UKIMWI vikiwemo. Dada, kama na hilo lilikuwa katika mafundisho yako, liache leo.

Kuhusu kileleni: wanawake wengi hawafiki kwa kuingiliwa peke yake, na si kasoro yao. Kiungo kikuu cha raha ya mwanamke ni kinembe, na hata madaktari wamechelewa kukielewa. Ni mwaka 1998 ndipo daktari wa upasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alipochapisha pamoja na wenzake kazi iliyoonyesha kwamba kiungo hicho ni kikubwa kuliko kilivyochorwa vitabuni, sehemu yake kubwa ikiwa ndani ya mwili. Kama vitabu vya udaktari vilikuwa na picha pungufu, kijana wa bandarini angejulia wapi? Mwili wa mwanamke huhitaji muda na mkono wa upole kabla ya kitu kingine. Ulipomwambia mumeo "usianzie hapo", ulisema kweli ya mwili.

Mimi ni Mkristo, na nitaongeza neno moja kwa wasomaji wenzangu wa kanisani, kwa sababu kwetu pia laana hutajwa upande mmoja. Wakorintho wa Kwanza 7:4 husema kwamba mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na mahubiri mengi niliyoyasikia hukomea hapo. Aya hiyohiyo huendelea kusema kwamba mume vilevile hana amri juu ya mwili wake bali mkewe.

Somo wa Majengo anajibu:

Muuguzi, sina cha kukuwia radhi. Shabu niliifundisha mimi kwa mkono wangu kwa miaka mingi, kama nilivyofundishwa, na niliiacha pale mwari wangu mmoja aliporudi kwangu akiwa hawezi kukaa. Ningetamani niwapate wote niliowapa niwaambie.

Baba wa Watatu, Likoni, anajibu:

Mimi ni yule mume. Si wako, dada, lakini ni mwenziwe. Mke wangu aliniambia baada ya miaka sita, na swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo: nani amekufunza?

Nataka ujue linatoka wapi. Mwanamume hukua akiambiwa kwamba jambo hili hulijua kwa kuzaliwa, kama samaki anavyojua kuogelea. Kabla ya harusi nilikalishwa na wazee wakanieleza mahari, kodi ya nyumba na kumstahi mkwe, chumbani hapakutajwa. Niliyoyajua niliyapata kwenye video za simu, ambazo wanawake wake hulipwa ili waonyeshe raha. Mke wangu aliponiambia kwamba hajawahi kuridhika, sikusikia kwamba ana haja. Nilisikia kwamba mimi si mwanamume, na ilikuwa rahisi zaidi kumshuku yeye kuliko kulibeba hilo. Nilivuka feri kila siku kwa wiki mbili bila kumsemesha, na wiki mbili hizo najuta hadi leo.

Kilichonirudisha ni mwalimu wangu wa darasa baada ya Isha. Sikumtajia mke wangu, nilimuuliza tu kuhusu adabu za ndoa. Alinikumbusha kwamba katika aya ya 187 ya al-Baqara kila mmoja kati ya mume na mke ni vazi la mwenziwe. Kisha akanieleza kwamba Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba mume akitimiza haja yake amsubiri mkewe naye atimize yake, kwa sababu ya mwanamke huenda ikachelewa. Nilikaa pale mkekani nikahesabu. Miaka mia tisa maneno haya yameandikwa, na mimi nimesoma madrasa tangu nikiwa na miaka mitano, nimeijua hadithi ya laana ya malaika kwa moyo, na hili halikunifikia.

Mumeo akikuuliza tena nani amekufunza, mwambie mwili wangu. Akiwa ni mtu wa msikiti, mwelekeze kwa mwalimu anayemheshimu, kwa sababu kuna mambo mwanamume huyapokea kwa mwanamume mwenziwe kwanza. Na muguka uzungumziwe. Mimi niliutafuna miaka minane. Hufungua macho, huharakisha moyo, na kwangu mimi uliniharakisha na mengine, nikawa mwenye pupa bila subira. Mei 2024 kaunti ilipoupiga marufuku na mji mzima ukabishana kuhusu biashara na mahakama, nilitamani mtu mmoja asimame aseme ulivyofanya vyumbani mwetu.

Mke wa Kibokoni anaandika tena baada ya siku kumi:

Nawashukuru nyote, na Bi Somo nakuombea umri mrefu.

Nilimngoja Jumapili asiyokuwa na zamu. Nilianza na kumwambia kwamba napenda anavyonishika mkono tukilala, jambo ambalo ni kweli, kisha nikamwambia yaliyobaki, pamoja na maumivu, na pamoja na kuigiza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Miaka mitatu yote?" Hakuuliza nani amenifunza. Akatoka, akarudi baada ya Isha, akalala bila kunigusa, na usiku ule nilidhani nimeharibu kila kitu.

Siku ya nne alinikuta nakunja nguo, akashika leso moja, akaniuliza, "Na hii, ina maana gani?" Nilicheka hadi nikalia, kwa sababu ile ilikuwa ya kufungia mtoto tu. Nikamtolea nyingine nikamfafanulia moja moja, naye alisikiliza kama mwanafunzi.

Bado hatujafika popote zaidi ya hapo, na nimemwomba tusikimbilie hadi maumivu yaangaliwe. Jumatatu tunakwenda kliniki kwa ajili ya ile sindano, na amebadilishana zamu na mwenzake ili aingie nami. Muguka amesema atajaribu kuupunguza. Sijui atafika wapi nao. Bi Somo, ulisema kweli kuhusu boriti. Nimegundua kwamba hushusha pumzi kila mama anapokwenda kulala kwa shemeji yake Kisauni. Tunafikiria kuhamishia kitanda chumba cha nyuma, juu ya stoo. Je, mama mkwe aambiwe sababu gani?