Kikundi: Majirani wa Mto, Rau (Moshi)

Mama Glory (Katibu), 06:12
Bwana asifiwe majirani. Leo siku ya nne naleta jambo hilihili. Barua ya mtendaji inataka kila mtaa uorodheshe redio koli, ving'ora na vipaza sauti vyake, vyote viwe chini ya kamati ya maafa ya wilaya. Mwisho Ijumaa. Kwenye daftari tuna redio saba, nimeziona sita. Ya saba iko kwa nani?

Mama Glory, 06:14
Wanataka na ufunguo wa king'ora ukae ofisi ya kata. Hapo nataka maoni, siyo vidole gumba.

Baba Ima, 06:40
👍

Fundi Redio, 07:05
Shikamooni wakubwa. Kwa redio naunga mkono usimamizi mmoja. Masafa tunayotumia tuliwekewa na muuzaji, leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) hatuna, na hatujui tunamwingilia nani. Ulinzi shirikishi wa ng'ambo ya mto wana masafa yao, zahanati ina yake. Maji yakija, kila kundi linasikia watu wake tu. Wilaya ikiomba masafa mara moja kwa ajili ya wote, leseni inakuwa moja na chaneli zinapangwa zifanane kwenye kila redio.

Fundi Redio, 07:09
Hata Marekani jambo hili liliwaumiza. New York, tarehe 11 Septemba 2001, helikopta za polisi ziliona jengo la pili linaelekea kuanguka na polisi wakaambiwa watoke. Wazima moto walikuwa kwenye mtandao mwingine wa redio, wengi hawakulisikia onyo hilo. Watu walikuwa jengo moja jamani.

Mama Ester, 07:31
Chaneli zikipangwa, na Baba Ima apangiwe yake ya kuulizia kama nyama imeiva 😂

Baba Ima, 07:32
Iliiva lakini 😂😂

Anko Deo, 07:33
Na mbege ilifika kwa redio hiyohiyo 😂

Mama Glory, 07:50
Mmemaliza? Nauliza tena, redio ya saba.

Mwenyekiti wa Mtaa, 09:16
Habari za asubuhi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya mpaka kata na kijiji. Kwa hiyo barua haijatoka hewani. Na tuseme ukweli, leo polisi ni 112, Zimamoto ni 114, mjamzito anayehitaji gari ni 115. Mtu amepanda juu ya bati na mtoto mgongoni hawezi kuchagua namba. Bora apokee mtu mmoja halafu yeye ndiye awaamshe wengine.

Fundi Redio, 09:24
Sahihi mwenyekiti. Ila anayepokea huenda hajawahi kufika Rau. Msimwambie "kwa Mama Ester karibu na mparachichi". Taja kata, mtaa, namba ya nyumba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi, maji yamefika wapi (goti, kiuno, dirisha), watu wangapi. Simu ikigoma kwa sababu wote wanapiga kwa pamoja, mtumie jirani wa juu ujumbe mfupi apige yeye kwa niaba yako. Ujumbe hupita hata pale simu ya sauti inapokosa nafasi, maana wenyewe hausubiri njia ya mazungumzo.

Mama Glory, 09:40
Fundi, andika na ya ripita. Watu wanaogopa neno.

Fundi Redio, 09:58
Ripita ni mashine ya mnarani. Inapokea redio yako ndogo ya wati 5 kwenye masafa fulani na kuirusha kwa nguvu kwenye masafa mengine, ndiyo maana ukiwa bondeni unasikika mjini. Makosa mawili yanajirudia. Kwanza, watu wanabonyeza na kusema papo hapo, neno la kwanza linakatika kwa sababu ripita haijafunguka. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme. Pili, toni, ule mlio wa siri ambao ripita huutambua ndipo ifunguke. Redio inayorusha toni tofauti itawasikia wote, lakini yenyewe ripita haitaifungulia, na mwenye redio atadhani tumemsusa.

Fundi Redio, 10:01
Na hili wilaya waandikiwe kwa wino mzito: chaneli ya 2 iwe ya redio kwa redio, bila ripita. Mnara ukizimika na chaneli ni ya ripita pekee, redio zote saba ni matofali.

Mama Glory, 10:15
Wakituwekea ripita, betri ya akiba tutaambiwa tuchangie. Nianze orodha?

Baba Ima, 10:17
Kabla ya orodha mpya, yale ya mchango wa betri ya zamani yaliishia wapi?

Mama Ester, 10:18
Eeh. Mimi nilitoa yote.

Anko Deo, 10:20
Ujumbe huu umefutwa

Mama Glory, 10:22
Deo, nimeusoma.

Fundi Redio, 10:41
Wakubwa, ya nyuma yana kikao chake. Ila kosa lenyewe tusilirudie: ilinunuliwa betri ya gari. Ile kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake. Ukiikausha mara kwa mara, sahani zake zinakufa. Piga hesabu: ripita ikisikiliza inakula nusu ampia, ikirusha ampia 8. Siku nzima ya kusikiliza ni ampia-saa 12, kurusha kwa jumla ya saa 2 ni 16. Jumla 28. Betri ya sola ya 100 usiishushe chini ya nusu, basi unazo 50. Bila jua inakaa siku moja na robo tatu. Masika, mawingu hukaa zaidi ya hapo, kwa hiyo ni betri mbili.

Baba Ima, 10:44
Mbili tena 😳

Meku, 13:27
Nimesoma yote. Mama Glory mwanangu, umefanya kazi. Wapeni redio, wapeni majina, wapeni na masafa, hayo ni ya serikali. Lakini mvua inanyesha Uru huko juu mlimani, sisi huku tunaona nyota. Maji yanatufikia tumelala. Ufunguo ukiwa kata, mwenye nao amelala, na njia ya kumfuata ni lile daraja. Ufunguo usivuke mto.

Mama Ester, 13:30
Aika mbe, asante 🙏

Mwenyekiti wa Mtaa, 14:52
Meku amesema. Nitaomba funguo mbili, mmoja kata, mmoja hapa mtaani. TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wakitoa "angalizo" la njano, mwenye ufunguo analala na simu wazi. Ikiwa "tahadhari" ya rangi ya chungwa, analala na redio. Mtu wa Uru akisema mto umejaa, mwenye ufunguo anapiga king'ora bila kuuliza mtu, kisha ndipo anaijulisha kata.

Fundi Redio, 15:03
Na kipigwe cha majaribio kila mwezi, sekunde kumi. Nyigu wanapenda kujenga ndani ya pembe ile.

Mama Glory, 15:10
Sawa. Ufunguo wa mtaani anakaa nao nani? Awe upande wa juu, asiwe mtu wa safari.

Mama Glory, 17:45
Majirani?

Mama Glory, 20:02
Naweka jina la Mama Ester mpaka Jumapili baada ya ibada. Mwenye pingamizi aseme.

Mama Ester, 20:03
Nisubirini niongee na baba watoto.

Anko Deo, 22:38
Samahani nimeona sasa hivi. Redio ya saba iko kwangu. Inachaji vizuri, ila antena ilivunjika.