Mjadala: Siri ya afya kabla ya ndoa isemwe na mwenyewe au idaiwe kwa cheti?

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu suala ambalo katika miji midogo limevunja posa nyingi kabla hata ya mahari kutajwa. Je, mchumba adaiwe cheti cha kipimo cha VVU kabla ya posa kupokelewa, kama wanavyotaka baadhi ya wazazi na viongozi wa dini, au kila mmoja aachiwe amweleze mwenzake kwa kinywa chake? Wanaotaka cheti nawaelewa, kwa kuwa mzazi aliyemuuguza binti yake aliyeambukizwa na mume aliyejua hali yake akanyamaza ana kila sababu ya kuwa na hofu.

Hata hivyo, mimi nasimama na wanaosema kwamba mwenyewe ndiye aseme, na aseme kabla ya ndoa. Wajibu huo siupingi hata kidogo. Sheria ya VVU na UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka anayejua kwamba ana maambukizi amjulishe mwenzi wake mara moja, na sheria hiyohiyo inalinda usiri wa majibu yake kwa watu wengine. Kenya nako Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2015 kifungu cha 24 cha sheria yao, kilichomlazimisha mtu kumweleza kila aliyekutana naye kimwili, kwa kuwa hakikuwa wazi na kiligongana na haki ya faragha. Kwa maoni yangu, wajibu wa kusema ni wa haki maadamu habari inabaki kati ya wawili. Hatari huanza pale inapopita mikononi mwa watu wa tatu.

Chukueni mji kama Pangani, pwani ya Tanzania, ambako mto umeugawa mji na upande wa Bweni, na watu huvuka kwa kivuko kimoja wakijuliana hali. Anayeonekana asubuhi kwenye benchi la CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, huwa amekwisha kujadiliwa barazani kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana wapo wanaosafiri kilomita zipatazo 50 hadi Tanga kufuata dawa za kufubaza makali ya virusi, kisha wakazihamishia kwenye bahasha, kwa sababu vidonge vikiwa ndani ya kopo hugonga na kusikika mkobani.

Namfahamu dada mmoja aliyeishi hivyo kwa miaka mitatu, akakataa posa mbili bila kutoa sababu. Kijana wa tatu alipokuja, dada huyo alimweleza kwa kinywa chake, jioni, ufukweni, kabla mshenga hajatumwa. Kijana alikaa kimya majuma kadhaa, na nadhani tusimlaumu, maana kuaminiwa na habari nzito namna hiyo nako ni mzigo. Aliporudi hakuomba cheti, bali aliomba waende pamoja kwa mshauri wa kliniki, naye akapimwa siku hiyohiyo. Huko alielezwa jambo ambalo wengi wetu bado hatulijui: anayetumia dawa kila siku, hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Leo ni mume na mke, na wazazi wa pande zote mbili hawajui, wala sioni kwamba wamedhulumiwa.

Kinachonisikitisha kuhusu cheti ni kwamba kinaahidi uhakika ambao hakiwezi kuutoa. Mtu aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupimwa na kuonekana hana maambukizi, na karatasi ya leo haielezi lolote kuhusu mwenendo wa mwaka ujao. Wachumba wanaokwenda kupimwa pamoja, wakasubiri majibu kwenye chumba kimoja, wanapata pia nafasi ya kuonana wakiwa na hofu, jambo ambalo mshenga hawezi kuwafanyia.

Kwa wanaotetea cheti, naomba mnijibu swali hili moja: kikishasomwa na mshenga, wajomba na kiongozi wa dini, kisha posa ikakataliwa, ni nani atakayewazuia watu hao wote wasilitaje jina la binti huyo kivukoni?