Mrejesho: jasho na kikwapa wakati wa tiba ya testosteroni

Ndugu zangu, niliuliza hapa namna ya kukabiliana na jasho jingi na kikwapa kikali vilivyonipata tangu nianze sindano za testosteroni (homoni ya kiume), nami nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Ushauri uliosaidia zaidi ni wa kuosha makwapa kwa sabuni ya maji yenye benzoili peroksaidi, ile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya chunusi, na kuiacha dakika chache kabla ya kuisuuza, kwa kuwa jasho la kwapa halinuki mpaka bakteria wa ngozini walivunjevunje. Harufu imepungua sana, na hata katika matatu iliyojaa jioni nakaa bila wasiwasi. Angalieni tu kwamba sabuni hiyo hupausha taulo na nguo za rangi. Kizuia jasho chenye alumini nakipaka usiku, ngozi ikiwa kavu kabisa. Ndimu niliyojaribu kupaka kwapani iliniwasha, nikaiacha.

Jasho la mgongoni, hata hivyo, halijapungua, ingawa sasa navaa fulana za pamba nilizonunua soko la Gikomba, Nairobi. Daktari wangu amepima kiwango cha homoni, akakiona kiko sawa, na amenisihi nisibadilishe dozi mwenyewe.