Vichaka vimejiotea kwenye ploti Ihumwa, vya kula au nifyeke?

ploti_kavu: Wakuu mbukwenyi. Nina ploti huku Ihumwa, Dodoma, msimu huu sikulima kitu, juzi nimeenda nakuta vichaka vimejiotea pembeni ya fensi ya waya na vingine chini ya mwarobaini. Cha kwanza kirefu kunipita, hakina miiba, majani yana meno meno pembeni na kwa chini meupe, vitunda vidogo rangi ya chungwa, vingine vimeungana viwili. Cha pili jani kama linafanana na hilo ila kina miiba imenichania shati. Cha tatu kinafika magotini, jani lina manyoya, ua zambarau, tunda la njano la mviringo linavutia balaa. Watoto wa jirani wanakula hicho cha kwanza. Dogo wa kazi anataka kufyeka vyote jumamosi. Picha zimegoma kupanda.

mgogo_og: Mbukwenyi mkuu. Cha kwanza ni mkole huo, waache watoto wale, sisi tumekua nazo hizo machungani. Nyama yake kiduchu, unamung'unya utamu unatema kokwa. Magome yake yana nyuzi ngumu tunafungia hata miti ya zizi. Vimeota chini ya waya na mwarobaini kwa sababu ndege wanakula huko porini wanakuja kutua hapo wanakunya mbegu.

mama_zabibu: Cha pili mkunazi. Usiangalie jani tu maana yote mawili yana mistari mitatu inayoanzia kwenye kikonyo na chini ni meupe, angalia miiba, mkunazi inakaa miwili miwili, mmoja umenyooka mwenzake umejikunja kama ndoano, huo wa ndoano ndo umekula shati lako 😂. Mbuzi ndo wanakuletea hizo. Na ukikata bila kung'oa shina unachipua tena.

ploti_kavu: Aisee kweli ni ya ndoano. Na hicho cha njano?

mgogo_og: Ndulele hiyo mkuu, wengine wanaita tula. Ina sumu, usile.

kijiwe_chamwino: Bibi yangu alikua anaitumia kwa jino linalouma mbona.

mama_zabibu: @kijiwe_chamwino dawa ya bibi na tunda la kumpa mtoto wapi na wapi? Ni ndugu wa biringanya ndo maana ua zinafanana, likiwa bichi ni kijani lina michirizi, likiiva ndo linakua njano na hapo ndo mtoto anadanganyika. Ng'oa na mzizi, vaa glovu ina vijimiba. Mkole acha, mkunazi sogeza uwe upande wa mbuzi wanapopita, fensi ya bure hiyo.

ploti_kavu: Kuhamisha mkunazi mkubwa inawezekana?

mama_zabibu: Mkubwa achana nao, mzizi unaenda chini sana. Hamisha vile vidogo mvua zikianza, huo mkubwa punguza matawi tu.

ploti_kavu: Poa, nampigia dogo sasa hivi kabla hajanoa panga.