Mashine ya kupulizia dawa kwenye nyasi imelala muda mrefu, nianze kukagua wapi kabla ya kuingia nayo uwanjani?

Nyasi_Bermuda

Wakuu habari za mchana.

Natunza viwanja viwili vya mpira huku njia ya Bagamoyo, nyasi asilia, bermuda. Miaka yote dawa tunapiga kwa mabomba ya mgongoni. Sasa bosi kanunua mashine ya mtumba: kigari cha matairi manne, mgongoni kimebeba tenki la lita 600, pampu ni ya diaframu inazungushwa na injini ya kigari chenyewe, na nyuma kuna mikono miwili ya kukunjua yenye nozeli 12. Imeshuka bandarini bila kitabu, na aliyetuuzia siku hizi simu hapokei.

Imekaa yadi tangu kabla ya masika. Chini ya tenki kuna ukoko wa kahawia na harufu ambayo siielewi. Injini nimeiwasha, inaitika bila tabu. Kinachonitia wasiwasi ni upande wa dawa. Ndago na magugu ya majani mapana yameshatuzidi na bosi anataka Jumamosi tuwe uwanjani.

Nianzie wapi? Natanguliza shukrani, naomba kuwasilisha.

---

Mtoto wa Tandika

Mkuu suuza tenki, jaza maji, weka dawa, ingia kazini. Mbona bomba la mgongoni hujawahi kuliulizia uzi? Mnakuza mambo.

---

Fundi_Gerezani

Tandika, bomba la mgongoni likizingua unaunguza nyasi mita mbili unaacha. Hiyo mashine ina upana wa mita 6, ikiharibu inaharibu uwanja mzima kabla dereva hajageuka kuangalia nyuma.

Nyasi_Bermuda, kwanza usiguse kitu mikono mitupu. Hujui ukoko ule ni wa nini. Vaa glovu za mpira, si zile za kitambaa, gambuti, na suruali iwe nje ya gambuti ili kikimwagika kisiingie ndani. Miwani pia. Wengi wanavaa vifaa siku ya kupiga dawa tu, siku ya kufungua mashine wanakuja na kandambili.

Injini ikiwa imezimwa, anza na mafuta ya pampu. Pampu za diaframu nyingi zina kikombe au kijicho cha kuangalia mafuta. Yakiwa na rangi yake ya kawaida, endelea. Yakiwa meupe, diaframu imechanika na maji yameingia. Hapo usiwashe pampu hata dakika moja, itakula beringi.

Kisha fuata mipira yote kwa mkono, sentimita kwa sentimita, usitegemee macho. Ikunje kidogo. Jua la Dar linapasua mpira kwa nje wakati ndani bado unaonekana mzima, na ufa unakuwa chini ya klipu pale ambapo huuoni. Mpira wa kufyonza, ule unaotoka tenki kwenda pampu, ndio unaosumbua kuliko wote, kwa sababu ukiwa na tundu hauvuji maji, unavuta hewa. Utashangaa presha inacheza na hakuna tone chini.

Fungua machujio yote. Kuna la mdomo wa tenki, kuna la kabla ya pampu, na kila nozeli ina lake dogo ndani. Hilo dogo watu wanalisahau, au wanalitupa kabisa kwa kuwa "linaziba". Linaziba ndiyo kazi yake.

Nyaya usizisahau. Kama inafungua na kufunga kila upande kwa swichi za umeme, fuata waya mpaka kwenye vali. Mashine ikilala yadi za huku panya lazima wamepita, na hewa ya chumvi inakula plagi mpaka zinakuwa za kijani.

---

Bi_Shamba

Mdogo wangu, kabla hata ya mafuta ya pampu, swali langu mimi: mashine ilipiga dawa gani mara ya mwisho? Kama hakuna anayejua, chukulia ilikuwa ile mbaya kuliko zote, yaani glaifoseti, inayoua kila jani. Mabaki yake yakichanganyika na dawa yako utaona mistari ya njano kufuatana na njia ya gari, na bermuda yako inakufa pamoja na magugu.

Osha namna hii. Toa ukoko kwa maji na brashi yenye mpini, usiingize kichwa ndani ya tenki. Kisha maji safi pamoja na sabuni ya kusafishia mashine za dawa, washa pampu maji yazunguke, fungua vizibo vya mwisho wa mikono ili uchafu uliolala kule utoke, halafu pitisha kwenye nozeli. Suuza mara tatu kwa maji kidogo kidogo. Mara tatu kwa maji machache inasafisha kuliko kujaza tenki mara moja.

Dawa jamii ya 2,4-D, ile ya kuua magugu ya majani mapana, inashika kwenye mipira, na hapo watu wa mashine hutumia amonia ya nyumbani. Lakini nakuomba sana: klorini ya kufulia nguo nyeupe isikaribie tenki hilo. Klorini ikikutana na amonia, au na mabaki ya mbolea ya maji yenye amonia, inatoa gesi ya sumu. Na mashine za viwanjani mara nyingi zimepitishiwa mbolea.

Maji ya kusuuzia usimwage kwenye mtaro, mvua ikija yote yanaelekea mtoni na baharini. Yapulizie kwenye eneo ambalo dawa hiyo ya zamani ingepigwa, si juu ya bermuda yako, kwa tabaka jembamba.

Halafu kuhusu ndago: hiyo si jani pana, ni jamii nyingine kabisa. Ukipiga 2,4-D magugu ya majani mapana yatanywea na ndago itabaki inakuangalia. Kwa ndago watu wanatumia halosulfuroni. Soma lebo kama inaruhusu bermuda, na hakikisha dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyochukua nafasi ya taasisi ya viuatilifu ya TPRI kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.

---

Kipanga wa Mbezi

Nimeweka kambi hapa. Nilidhani haya mambo ni ya watu wa gofu kule Gymkhana na Lugalo tu.

---

Nyasi_Bermuda

Shukrani sana wakuu, Bi_Shamba shikamoo.

Mafuta ya pampu: nimeyatazama asubuhi, yana weupe kama uji mwepesi. Nimeishia hapo, sijawasha. Waya wa upande wa kushoto kweli umeng'atwa, kijana wetu ameuunga na kuufunga vizuri. Mpira mmoja wa kufyonza umepasuka chini ya klipu, vilevile alivyosema Fundi.

Kuna jamaa jirani ana pampu nzima ya aina hii, ameniazima nipime nozeli wakati natafuta diaframu. Nipimeje?

---

Fundi_Gerezani

Umefanya la maana kutowasha.

Sasa jaza maji matupu nusu tenki. Simama juu ya tenki utazame: hose yako ya kujazia isizame ndani ya maji. Iache nafasi ya hewa, la sivyo mkondo ukikatika hose inanyonya dawa kutoka kwenye tenki kurudi kwenye simtanki au bomba la DAWASA, na hilo ni la kunywa watu.

Angalia geji kabla ya kuwasha: mshale uwe sifuri. Ukiwa umesimama kwenye namba nyingine, geji imekufa na kila utakachosoma ni uongo. Washa, pandisha hadi baa 3. Mshale ukitetemeka sana, chunguza chupa ya hewa ya pampu au mpira wa kufyonza.

Kila nozeli ikinge kwa dumu lenye vipimo kwa sekunde 60. Andika namba, usikariri. Kisha zima mikono ghafla na utazame: matone yakate ndani ya sekunde chache. Nozeli inayoendelea kudondosha ina kidiaframu kibovu cha kuzuia matone, na kila unaposimama kugeuza gari inakuachia doa la kuungua.

Iliyoziba safisha kwa mswaki laini na maji. Usichokonoe na waya, utapanua tundu. Na asiipulize mtu kwa mdomo, hata kama ni maji tu mmetia.

Rangi za nozeli nazo zina maana, zinafuata kiwango cha kimataifa. Bluu ni saizi 03, inatoa kama lita 1.2 kwa dakika kwenye baa 3. Nyekundu ni 04, kama lita 1.6.

---

Nyasi_Bermuda

Majibu haya hapa. Nozeli tisa zimetoa kati ya lita 1.55 na 1.65. Moja kati ya hizo mwanzoni ilitoa 1.3, nikakuta mchanga na vipande vya nyasi kwenye chujio lake, baada ya mswaki ikarudi. Mbili zimetoa 1.85. Ya kumi na mbili imetoa 1.2, na kumbe ni ya bluu imechomekwa katikati ya nyekundu!

---

Mtoto wa Tandika

Si upandishe tu presha hiyo ya bluu ikaribie wenzake?

---

Bi_Shamba

Kaka, presha ni ya mkono mzima, hawezi kumpandishia mmoja. Na hata angeweza, ili nozeli itoe maradufu presha inabidi iwe mara nne. Matone yanakuwa vumbi, upepo unayabeba mpaka kwenye mchicha wa jirani.

Zilizotoa 1.85 zimezidi kiwango cha nozeli mpya kwa zaidi ya asilimia 10, hizo zimekwisha. Na kwa kuwa zote zina umri mmoja, nunua 12 mpya zinazofanana. Ni bei ndogo kuliko dawa utakayopoteza.

Sasa hesabu, usiiruke. Lita kwa hekta ni lita za nozeli kwa dakika mara 600, gawanya kwa mwendo wa kilomita kwa saa ukizidisha na nafasi kati ya nozeli kwa mita. Nafasi yako ni nusu mita, nozeli 1.6, mwendo 5: unapata 384. Kupima mwendo, pima mita 100 juu ya nyasi, si lami, tenki likiwa nusu, dereva azipite kwa sekunde 72. Hiyo ndiyo 5.

Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni hekta 0.714, kwa hiyo unahitaji kama lita 274 za mchanganyiko. Usijaze tenki lote kwa sababu tu lina nafasi! Lebo ikisema lita 2 za dawa kwa hekta, uwanja mmoja unataka lita 1.4 na kidogo. Mikono iwe sentimita 50 juu ya nyasi kama nozeli zako zinatawanya dawa kwa pembe ya nyuzi 110, na maungio ya vipande viwili vya mikono yacheki springi zake kama zinarudi.

---

Kipanga wa Mbezi

Nimesave uzi. Na breki je? Lita 600 ni kilo 600 kichwani, na viwanja vingine vina kingo za mteremko.

---

Fundi_Gerezani

Hilo Kipanga umelisema vizuri, nililiruka. Breki zijaribiwe na maji ndani, siyo tenki tupu, kwenye sehemu tambarare kwanza. Mkanda na ile nguzo ya kumkinga dereva gari likipinduka visifunguliwe. Maji yanayumba, ukikata kona haraka kigari kinakufuata upande wa pili. Upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia, vinginevyo mkono mmoja utakuwa juu na mwingine unalamba nyasi.

---

Nyasi_Bermuda

Nimemweleza bosi Jumamosi haiwezekani, amekubali kwa shingo upande. Tumepanga wiki ijayo alfajiri kabla upepo wa bahari haujaanza.

Fundi, diaframu naipata wapi hapo Kariakoo?

---

Fundi_Gerezani

Usije na maneno ya "pampu ya dawa, ya kijani", hapo utauziwa ya kisima. Piga picha kibao cha pampu chenye namba, fungua diaframu ya zamani uje nayo mkononi, pamoja na vali zake za kufyonza na za kusukuma, maana mara nyingi zinachoka pamoja. Mafuta nayo unabadilisha yote, usiongezee juu ya yale meupe. Na safisha ndani ya kikombe kwanza. Bei njoo inboksi.