Makabati ya jikoni yamevimba: nibomoe yote au upande wa sinki tu?

Baba Wawili: Wakuu, habari za jioni. Makabati yangu yalifungwa 2017, MDF ile nyeupe, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa. La chini ya sinki limevimba kama andazi lililosahaulika kwenye chai, mlango haufungi, ukibonyeza ubao wa chini kidole kinazama. Mengine mazima, kasoro bawaba mbili tatu zimelegea. Fundi wa kwanza hakuinama hata kuchungulia, kasema tubomoe yote tuweke mninga. Wa pili anataka plaiwudi ya marine, ile inayostahimili maji. Mama watoto naye anataka granaiti juu. Nianzie wapi?

Randa Kali: Mkuu, MDF haivimbi kwa uzee, inavimba kwa maji. Kabla hujanunua ubao, toa vyombo vyote chini ya sinki, tandaza gazeti kavu, fungulia maji dakika kumi, uone linalowa wapi. Usipoziba hapo hata mninga utaoza, ni suala la muda tu.

Kwa maboksi ya chini mimi ningeweka marine ya milimita 18. Bodi moja ni futi 8 kwa 4, kwa hiyo mwambie fundi akuchoree anavyoikata, usikubali kutajiwa "bodi 12 bosi" hewani. Kingo zote zipigwe tepu, hata za nyuma zisizoonekana, maana maji huingilia hapo. Halafu boksi lisikae sakafuni. Weka miguu ya plastiki ya sentimita 10, ukipiga deki maji yapite chini.

Mama Tunu: Mninga mzuri, ila uliza umekauka? Mimi nililetewa mbao mbichi, kiangazi kilipoingia milango ikapinda, na fundi simu hapokei. Shikilia hela ya mwisho mpaka kila mlango ufunguliwe na kufungwa mbele yako.

Na jambo ambalo kina baba hamlifikirii: mtungi wa gesi. Alinipimia kabati la mtungi wa kilo 6, natumia wa 15. Mpaka leo mtungi unakaa nje kama mgeni, kabati naweka vitunguu.

Mzee wa Futikamba: Hapo kwa mtungi nakazia. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Matundu yatobolewe chini kabisa ya kabati, kwenye ukuta wa nje. Ya juu peke yake hayasaidii. Na kimo apimwe mpishi, si fundi. Wengi wanaweka sentimita 90, kwangu tumeshusha hadi 84, bibie alikuwa anakata mboga mabega yamefika masikioni.

Granaiti amua sasa, mkuu. Ikishafungwa, kuibandua bila kupasuka ni bahati.

Baba Wawili: Nimerudi. Gazeti limelowa upande wa nyuma, bomba la maji machafu kavu kabisa. Maji yanachuruzika kwenye shina la koki kila ikifunguliwa! Miaka yote nalaumu MDF. Nabadilisha koki, boksi la sinki na la jirani yake, mengine bawaba tu. Granaiti bado ni kesi, hukumu haijatoka. Randa Kali, boksi jipya litalingana kimo na yale ya zamani?

Randa Kali: Miguu hiyo inazungushwa, unapandisha na kushusha utakavyo. Tumia pima maji, usiamini macho. Na picha utuletee.